Laptopu ya Mtumba: Kabla ya Kuuliza i5 au i7, Uliza Kama RAM Inatoka

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilinunua laptopu ya mtumba kwa laki sita na nusu. Nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha, kioo hakina hata mkwaruzo. Nilikuwa na haraka, kwa sababu ile ya zamani ilizima moja kwa moja katika wiki ya kufunga hesabu, na kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu. Nilimwuliza muuzaji swali moja tu la maana, kuhusu RAM, ile kumbukumbu ya muda inayobeba programu ulizozifungua: "Hii RAM ya GB 4, nikitaka kuongeza inawezekana?" Akanijibu bila kusita: "Dada, hiyo ni kazi ya dakika tano. Ukipata hela njoo, tunakuwekea nane, tunakuwekea kumi na sita, unavyotaka wewe."

Miezi miwili baadaye hela ikapatikana. Duka liko mbali, nikaipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu ninayemwamini. Akafungua mgongo wake mbele yangu, kisha akaniita nisogee. Pale nilipotarajia kuona kipande cha RAM kimelala kwenye sloti yake palikuwa na vidude vinne vyeusi, bapa, vimechomewa kwenye bodi kandokando ya prosesa (ubongo wa mashine, zile i5 na i7). "Dada yangu," akasema, "hapa hakuna pa kuchomeka kitu. Hii imezaliwa na nne, itakufa na nne."

Nikarudi dukani. Nikaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mashine ile niliiuza kwa laki tatu na themanini, na aliyenunua nilimweleza ukweli wote kabla hajatoa pesa yake. Laki mbili na sabini ziliniponyoka kwa sababu ya kitu ambacho hakuna tangazo hata moja la laptopu linakitaja. Baada ya hapo wasomaji wa Mwanza, Arusha, na mmoja wa Mombasa wameniandikia kisa hicho hicho, kila mmoja na mashine yake. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa kipimo kimoja: RAM inatoka au haitoki?

Mambo mengine nitayapita haraka. Ukubwa wa SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, usikuumize kichwa, SSD hubadilishwa karibu kwenye mashine zote nilizozitaja hapa chini, isipokuwa za Apple na baadhi ya Surface. Kuhusu prosesa, shika sharti moja: Intel ya kizazi cha nane au baada yake. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi hicho, ukiacha chipu chache sana. Kizazi utakijua kwa tarakimu inayofuata kistari, au mbili za kwanza kuanzia kizazi cha kumi: i5-8250U ni ya nane, i7-7600U ni ya saba. Na usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya jina la i7. Hiyo i7-7600U ina kori (sehemu za kufanyia kazi) mbili, i5-8250U ina nne. Muuzaji anayekuambia "hii ni i7, hiyo nyingine i5 tu" ama hajui au anajua vizuri sana.

Sasa turudi kwenye RAM. Kwa nini kampuni huichomea? Sababu ya kweli ipo, na haki yake niitoe. Sloti inachukua nafasi na kuongeza unene. Halafu RAM aina ya LPDDR, inayokula umeme kidogo, karibu kila mara huja ikiwa imechomewa. Kwa hiyo mashine nyembamba inakaa na chaji zaidi na inaingia kwenye mkoba kwa urahisi. Mtu anayebadilisha laptopu kila baada ya miaka mitatu kwa pesa ya kampuni hapotezi chochote. Lakini sisi tunaipokea mashine ikiwa na miaka sita au saba tayari, na tunataka itufikishe miaka mingine mitano. Kwetu ile sloti ndiyo uhai wa mashine. Kivinjari chenye vichupo kumi na tano, faili la Excel, kikao cha Zoom na WhatsApp ya kwenye kompyuta, vyote kwa pamoja, vinaibana GB 8 hadi inakosa pumzi. Na RAM ya kuchomewa ikiharibika, fundi wa kawaida hana cha kufanya zaidi ya kukutafutia bodi nzima, na bei ya bodi utaijutia. Kipande cha sloti kikifa unakichomoa, unaweka kingine, unaendelea na kazi.

Jinsi ya kujua ukiwa dukani: washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", kisha "Memory". Chini kulia tafuta maneno "Form factor". Ukikuta "SODIMM", una RAM ya kuchomeka. Ukikuta "Row of chips", RAM imechomewa, hata mstari wa juu yake ukisema sloti mbili kati ya mbili zinatumika. Usiishie hapo, kwa sababu zipo mashine za nusu kwa nusu, sehemu imechomewa na sehemu ina sloti, na hizo zinaweza kukuonyesha upande mmoja tu. Chukua jina kamili la modeli, herufi kwa herufi, ulitafute kwenye simu papo hapo. Herufi moja inabadilisha kila kitu, utaona. Kisha omba mgongo ufunguliwe. Bisibisi ya nyota ndogo haina bei, beba yako.

Ya kwanza: Lenovo ThinkPad T480

Sifichi, hii ndiyo ninayoitumia sasa na ndiyo ninayomwambia kila mtu anunue. Ni ya mwaka 2018, ina sloti mbili za RAM ya aina ya DDR4, na hakuna hata GB moja iliyochomewa. Nilianza na kipande kimoja cha GB 8, nikaongeza cha pili mwezi uliofuata, nikawa na 16. Lenovo yenyewe inataja kikomo cha 32. Vipande viwili vinavyolingana vina faida nyingine: picha za kwenye kioo huenda laini zaidi, kwa sababu nyingi za modeli hii hazina kadi yake ya michoro na zinakopa RAM kwa kazi hiyo.

Jambo la pili linanifanya niipende kama ndugu. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa mkono. Umeme ukikatika na betri ya nyuma ikiisha, unaitoa na kuweka nyingine iliyojaa bila kuzima mashine, ile ya ndani inashikilia. Nimemaliza hesabu za mteja wangu mmoja hivyo, gizani, toka saa moja jioni mpaka saa nne usiku. Kibodi yake nayo ni ya watu wanaoandika kweli.

Kasoro zake mbili zijue. Nyingi ziliuzwa na kioo cha 1366 kwa 768, kimefifia na ukikiangalia kwa pembeni rangi zinapotea. Dai cha 1920 kwa 1080. Pili, programu ya ndani ya mlango wake wa USB-C wenye alama ya radi (Thunderbolt) ilitoka kiwandani na hitilafu iliyoweza kuua mlango polepole, na Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa chomeka chaja kwenye mlango huo uone inachaji, na ukifika nyumbani weka sasisho siku hiyo hiyo.

Sasa zile herufi. T480 na T480s si mashine moja. T480s ina RAM iliyochomewa pamoja na sloti moja. T490 ya mwaka 2019 ni hivyo hivyo, na T490s imechomewa yote. Winga (dalali) atakuambia "hii ni mdogo wake tu, tena mpya zaidi". Mpya zaidi ndiyo, lakini kwa kipimo chetu imerudi nyuma.

Ya pili: HP EliteBook 840 G5

Hii imejaa madukani Dar kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua. Sloti mbili za DDR4, nyingi za kizazi cha nane, kasha la alumini, spika nzuri kuliko za ThinkPad. Ningeiweka ya kwanza kama betri yake ingetoka kwa mkono. Angalia mambo mawili. Baadhi zina kioo cha faragha, kile kinachomzuia jirani asisome unachoandika, na mwanga wake si wa kufanyia kazi mchana kutwa karibu na dirisha. Halafu nyingi zilikuwa mali ya ofisi za nje, hivyo ukiiwasha gusa F10 uone kama BIOS, programu ya awali ya mashine, inakudai nywila. Ikidai, iache. Usidanganywe na ahadi ya "tutaitoa kesho".

Ukikuta EliteBook nyembamba zinazokunjika, za x360 1030, ujue humo RAM imechomewa. Jina EliteBook pekee halikulindi.

Ya tatu: Dell Latitude 7490 na 5490

Zote mbili zina sloti mbili. Sina neno baya juu yake wala sina mapenzi nazo. 7490 ni nyepesi zaidi, 5490 ni nene na ngumu. Ukipata moja safi kwa bei iliyo chini ya hizo mbili za juu, chukua.

Ya nne: za nusu kwa nusu

T480s, T490, T14 ya kwanza ya mwaka 2020. Nunua ikiwa tu sehemu iliyochomewa ni GB 8 au zaidi. Ikiwa ni hivyo, kipande cha 8 kwenye sloti kinakupa 16 na maisha yanaendelea.

Za mwisho: zilizochomewa zote

ThinkPad X1 Carbon, X280, T490s, Surface za Microsoft, na MacBook Air zote. Ndiyo, zote, MacBook Air tangu itoke mwaka 2008 haijawahi kuwa na RAM ya kuongeza. Najua wengi mtaniuliza kuhusu ile ya M1 ya mwaka 2020. Ni mashine nzuri mno, haina feni, inakaa na chaji siku nzima. Lakini RAM yake iko kwenye pakiti moja na prosesa, na SSD pia haitoki. Kwa kundi hili lote kanuni ni moja: kama ina GB 16 leo hii, fikiria. Kama ina 8, ujue unanunua 8 ya milele, na bei uipange hivyo.

Zile mpya za bei nafuu zenye prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, sizipangi. Mpya ya namna hiyo inazidiwa na mtumba wa mwaka 2018 kwa kila kitu isipokuwa harufu ya boksi.

Sasa niseme linaloniuma. Kurasa za wauzaji mtandaoni zimejaa picha nzuri, na chini yake: "Bei njoo inbox." Kwa nini? Bei ni siri ya nani? Ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi na unafanya kazi gani, halafu ndipo bei inazaliwa. Ukifika dukani unakuta bei mbili, ya na risiti na ya bila risiti, wakati ukutani kuna bango la TRA linalosema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi siku ile nililipa ya na risiti, na risiti ile ile ndiyo iliyotumika kunifungia mlango. Mtu amekudanganya kuhusu bidhaa kwa mdomo wake, kisha anajificha nyuma ya mstari mmoja aliouchapisha mwenyewe. Sasa hivi sitoi pesa mpaka muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake: modeli kamili, GB ngapi za RAM, sloti ngapi. Wengine hukasirika. Wale wanaouza mali ya kweli huandika.

Na jambo hili limekuwa zito zaidi mwaka huu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye seva za akili mnemba. Desemba 2025 Micron, kampuni inayotengeneza RAM, ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa kawaida, ambayo mafundi wengi waliizoea. Kwa hiyo kipande cha GB 8 kilichomo ndani ya laptopu ya mtumba kina thamani kuliko zamani, na mashine uliyoijaribu mezani inaweza isiwe na RAM ile ile ikifika kwenye mfuko. Jaribu, lipa, kisha washa tena palepale kaunta uhesabu GB kabla hujatoka.

Mdogo wangu anaanza chuo mwezi wa kumi, na Jumamosi hii anakwenda Kariakoo kutafuta T480. Nimempa bisibisi na karatasi yenye modeli nne tu. Nimemwambia duka likikataa kufungua mgongo, aseme asante kaka, na aende la jirani.