Nimeinua usukani wa Boxer sentimita 3: mgongo umepona, sasa matako ndio yanalia

Miaka mitatu nimeendesha hii pikipiki yangu, Boxer 150, nimejikunja kama mtu anayetafuta shilingi iloanguka chini ya kitanda. Kila asubuhi Mtwapa hadi Shimanzi, hapa Mombasa, kilomita kama 20, nikifika Buxton vidole vishakufa ganzi, nikishuka nanyoosha mgongo kidogo kidogo mpaka walinzi wa geti washanizoea. Mimi ni mrefu, futi sita na inchi moja. Mke wangu asema si urefu ni uzee, lakini nina miaka 38 jamani.

Kabla sijatoa pesa nilijaribu ya bure kwanza, ile ya kulegeza bolti za juu na kuuzungusha usukani uje upande wako. Ilisaidia kidogo tu, halafu viganja vikaanza kuuma kwa sababu klachi na breki nazo zimegeuka zaangalia juu, ikabidi nizilegeze nizirudishe chini. Kama wewe ni wa urefu wa kawaida pengine hii yakutosha na usiendelee kusoma.

Mimi haikunitosha, nikaingia duka moja la spea mjini (jina nalihifadhi) nikauliza vile vipande vya kuinulia usukani, wengine waviita raiza. Nikapewa vya kuinua milimita 50, alumini, vizuri kwa macho, shilingi elfu moja na mia tano. Kumbe usukani wa Boxer ni bomba la unene wa milimita 22 na vile vilikuwa vya bomba la milimita 28, vya zile pikipiki kubwa zenye usukani mnene. Kijana wa pale wala hakushtuka, alichukua kopo la soda akalikata kwa makasi akalizungushia kwenye bomba kujaza nafasi, akaniambia itashika bro. Ikashika siku nne. Siku ya tano pale Bombolulu nimekutana na tuta, nikabana breki, uzito wote ukaja mikononi na usukani ukazunguka ukaenda mbele, wallahi nilijiona nalala kwenye tangi huku nyuma matatu yanipigia honi. Sikuanguka, Mungu tu.

Ndio nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi Majengo, na huyu ndiye naandika kumsifu. Hana duka la vioo, ana turubai, benchi na boksi la spana. Alipoona lile kopo akacheka mpaka akakohoa: "Mwanangu, alokuuzia hii yeye apanda tuktuk." Akanitafutia vya milimita 22 vya kuinua milimita 30, akakataa kata kata kunipa vya 50. Nikauliza kwa nini mzee, mimi si mfupi. Akaniambia kuinua usukani si kazi, kazi ni zile kebo.

Na hapa ndipo wengi wetu twakosea. Usukani ukipanda, kebo ya klachi, ya breki ya mbele na ile ya kuvuta mafuta zote zavutika, na waya za taa na swichi pia. Ukiwa umesimama wima waona kila kitu kiko sawa, shida inakuja ukikata kona. Mzee alipomaliza kufunga aliwasha pikipiki iko nyutro akauzungusha usukani kulia mpaka mwisho, kimya, akaupeleka kushoto mpaka mwisho, injini ikaanza kunguruma yenyewe bila mtu kugusa. Kebo ya mafuta yavutwa. Hebu fikiria hilo likutokee unakata kona pale Kongowea sokoni na mikokoteni iko mbele yako. Akaweka kebo ya mafuta ndefu zaidi, ya klachi akaipitisha upande mwingine wa taa ikapata nafasi, ya breki ilitosha, na waya za swichi akakata kamba ya plastiki ilozibana zikalegea. Kisha akarudia kuzungusha, mara hii hakuna kelele. Bolti alizikaza kidogo kidogo kwa msalaba, sio moja mpaka mwisho ndio aende nyingine. Saa moja na nusu, na chai tukanywa.

Kuendesha sasa. Sentimita 3 wasikia kama si kitu lakini kumbuka shoki za mbele hazijasimama wima, zimelala kuelekea nyuma, kwa hivyo usukani ukipanda warudi pia nyuma kama sentimita moja na ushee. Viwiko vimekunjika, mabega yameshuka, ganzi imekwisha kabisa tangu wiki ya kwanza. Kubaya kupo pia. Ule uzito ulokuwa mikononi haukupotea, umehamia chini, sasa kila shimo kwenye zile daivasheni za barabara ya Mtwapa lanipiga moja kwa moja kwenye kiti, na kiti cha Boxer mwakijua wenyewe. Pia umekaa wima kama tanga, upepo wa kusi ukivuma pale juu ya daraja la Nyali kifua ndicho kinachopokea, jioni moja nilipunguza mwendo mpaka nikapitwa na baiskeli. Na nikiwa nimebeba mzigo nyuma nasikia mbele kumekuwa kwepesi kidogo, siendi kwa pupa.

Kitu kingine kwa sisi wa pwani, chumvi. Bolti zilizokuja na vile vipande zilianza kutoa kutu mwezi wa pili. Nikarudi kwa mzee, akabadilisha akaweka za stenles, chuma kisichoshika kutu upesi, na kuzipaka grisi kwenye meno, asema stenles ikikaa kavu ndani ya alumini kwa hewa yetu hii zang'ang'ania na siku ya kufungua utavunja. Hakunitoza, bolti nilinunua mwenyewe.

Hesabu: vipande elfu moja na mia nane, kebo mia nne, ufundi mia tano. Ongeza ile elfu moja na mia tano ya ujinga wangu. Mzee nampa tano kwa tano, vipande vyenyewe nne kwa sababu ya zile bolti, na kiti mwezi ujao nampelekea fundi wa kushona aongeze sponji.

Vile vya milimita 50 bado viko kwenye droo. Mwenye pikipiki ya usukani mnene aje achukue kwa mia tano, kopo la soda nimeshalitupa.