Rathaus, yaani jumba la halmashauri, ya mji wa Basel: jengo halina kosa, ila yule aliyetutembeza!

Mtanisamehe, naandika hasira zikiwa bado juu. Hivi mtu anakutoza faranga za Uswisi, anakufikisha mbele ya Rathaus, halafu anasema, "Pigeni picha, dakika tano tunaondoka"? Jengo lote lile jekundu, soko limejaa mbele yake, tramu zinapita, na yeye macho kwenye simu!

Kampuni siitaji. Ila huyo kaka alituambia mnara nao ni wa miaka ya 1500. Wapi! Sehemu ya zamani ndiyo iliyojengwa kati ya 1504 na 1514, Basel ikiwa imeshajiunga na Uswisi mwaka 1501. Mnara umeongezwa juzi juzi tu, mwanzoni mwa karne ya 20. Haya niliyasoma kwenye treni. Yeye analipwa kwa lipi?

Kilichonichefua hasa ni pale langoni. Pana alama za mahali maji yalipofika mto Birsig ulipofurika mwaka 1529, na tena 1530. Mto wenyewe leo huuoni, umefunikwa, unapita chini kwa chini hapo hapo katikati ya mji. Nilitaka shangazi asikie habari hiyo, nikauliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, hizi alama za nini?" Hata kichwa hakuinua. "Maandishi ya zamani tu, mama. Twendeni, duka la chokoleti linatusubiri."

Duka la chokoleti!

Tukawaacha waende. Ua wa ndani unaingia bure, wala huhitaji mtu wa kukushika mkono. Humo kasimama Munatius Plancus, yule jemadari wa Kirumi, sanamu ya mwaka 1580, karembwa rangi kama bwana harusi. Na kule nje, juu ya saa, pana sanamu ya Haki ambayo zamani ilikuwa Bikira Maria. Mji ulipokwisha kuwa wa Kiprotestanti wakampa upanga na mizani. Shangazi, Mkatoliki wa kufa na kuzikwa, alimkazia macho akaguna: "Maria na upanga wapi na wapi!" Tulicheka mpaka wauza mboga wakatugeukia.

Kwa hiyo siku haikuharibika, nakiri. Kampuni nilitaka kuipa nyota mbili, maana basi lilikuwa safi na liliwahi. Basi, iwe moja. Hapana, hata hiyo naifuta: tuliporudi garini yule kaka alipitisha kofia akiomba bakshishi, na kwa shangazi alisimama mara mbili.