Kalibu ya kumimina jigi nyumbani: uzoefu wangu wa miezi kumi na minne, Jinja

Kalibu hii ya alumini niliiagiza kutoka nje ya nchi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nilikuwa nimechoka kupoteza mikia ya mpira ya jigi, yaani chambo bandia chenye ndoana, kichwa cha metali ya risasi na mkia wa mpira laini. Mimi huvua sangara, ambaye hapa Uganda wengi humwita mputa, kwa fimbo yenye rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), nikiwa ndani ya mtumbwi wa injini kwenye miamba ya Ziwa Viktoria iliyo kati ya Jinja na visiwa vya Buvuma. Jigi nilizokuwa nikinunua dukani zilikuwa na tabia ya kuudhi: baada ya kuzirusha mara sita au saba, mpira uliteleza kutoka kwenye kichwa cha risasi, ukajikunja kwenye tao la ndoana, na kuanzia hapo chambo kilizunguka majini kama tambara. Mwendeshaji wangu wa mtumbwi, ambaye ni mvuvi wa mshipi wa mkono na haamini sana mambo ya plastiki, alikuwa akinitazama nikivuta kwa nguvu bila kupata kitu, kisha huniambia kwa upole: "Ssebo (yaani bwana), samaki hajauma. Ni mpira wako umekukimbia."

Maneno yake yalikuwa sahihi kuliko alivyojua. Sangara hana meno ya kukata. Kinywani mwake mna vijino vingi vidogo vinavyokwaruza kama msasa, na namna yake ya kula ni kufungua kinywa ghafla na kumvuta windo ndani pamoja na maji. Kwa hiyo mpira hauchanwi, bali hunyonywa kuelekea nyuma, na kama hakuna kitu cha kuuzuia shingoni mwa jigi, huteleza kabla ndoana haijashika. Chini ya maporomoko ya Murchison, kwenye mto Nile, hali ni nyingine, kwa kuwa huko yupo pia samaki aitwaye kibebe, mwenye meno kama ya msumeno, na hakuna kishikizo kitakachouokoa mkia wa mpira usikatwe naye. Katika Ziwa Viktoria kibebe hayupo. Mpira unaopotea hapa hupotea kwa sababu ya ufundi wetu mbovu wa kuufunga.

Nianze na yale yanayostahili sifa. Kalibu ina nusu mbili zilizounganishwa kwa bawaba, vipini vya mbao, na vishimo vitatu vinavyotoa vichwa vya gramu 14, 21 na 28. Nusu hizo hukutana sawasawa, kiasi kwamba risasi haivuji pembeni na jigi hutoka na ukingo mwembamba unaokwanguliwa kwa kisu mara moja. Ndoana yenye shina lililopindwa nyuzi 60 hukaa mahali pake bila kuchezacheza. Nimemimina vichwa zaidi ya mia mbili, na bawaba bado haijalegea. Vipini vimeungua kidogo karibu na alumini, lakini hilo nalihesabu kuwa kosa langu la kuharakisha kazi.

Tatizo liko kwenye shingo, yaani zile milimita chache za risasi nyuma ya kichwa ambamo mpira huvikwa. Muuzaji alieleza kwamba shingo hiyo ina mwiba unaoushika mpira barabara. Mwiba upo kweli, lakini nao ni wa risasi, na risasi ni metali laini ambayo hata ukucha huikwaruza. Mpira wa kwanza ulishikwa vizuri. Wa pili ulishikwa kiasi. Nilipovika wa tatu, mwiba ulikuwa umelala na kuwa kivimbe tu, na nikawa nimerudi kwenye matatizo yaleyale ya jigi za dukani, tofauti ikiwa kwamba sasa nilizitengeneza kwa jasho langu mwenyewe. Ninamlaumu muuzaji kwa hilo, kwa kuwa mtu anayeuza vifaa vya kumiminia risasi hawezi kudai kwamba hajui ulaini wa risasi.

Nilijaribu kwanza njia za mkato. Supaglu hushika kweli, na bado naiweka tone moja kwenye uso wa kichwa, lakini haifai kutegemewa peke yake: mkono ukiwa na maji haishiki vizuri, na kubadilisha mpira kunakuwa kazi ya kukwangua gundi kavu huku mtumbwi ukiyumba. Kuzungushia uzi kwenye shina na kuupaka gundi kulisaidia kwa mpira mwembamba tu. Niliwahi hata kuvika kipande cha ule mpira wa mafundi umeme unaosinyaa kwa joto, nao ukateleza pamoja na mkia wote.

Suluhisho lilikuwa waya ndani ya risasi, na hapa ndipo kalibu ilipoonyesha thamani yake, kwa sababu alumini hukubali kuchongwa. Kwa tupa ndogo ya pembe tatu nilichimba mfereji mwembamba kwenye kila nusu, kuanzia katikati ya kichwa hadi mwisho wa shingo, sambamba na njia ya shina la ndoana. Kabla ya kumimina, ninaulaza waya kwenye mfereji, nafunga kalibu, na risasi inapoganda huukamata waya huo kama jino lililomo kwenye ufizi. Kazi ya kuchonga ilinichukua Jumamosi mbili, kwa kuwa nilikuwa napiga tupa mara chache, nafunga, naangalia mwanga unapopenya, kisha napiga tena. Ukichimba kupita kiasi, risasi itavuja kufuata waya na kalibu haitatengenezeka tena.

Uteuzi wa waya ulinipotezea muda mrefu kuliko yote. Waya wa kufungia nondo ni laini mno, hujipinda na kubaki ulivyopindwa. Nyuzi za kebo ya klachi ya bodaboda zina nguvu ya kurudi, ila moja moja ni nyembamba na hukata mpira kama uzi unavyokata sabuni. Mwishowe fundi mmoja wa kuchomelea alinikatia mita chache za waya wa stenlesi wa milimita 0.8, ule unaofungwa kwenye mashine ya kuchomelea yenye gesi. Huo hausogei, haushiki kutu, na una ugumu unaotosha.

Umbo lake ni jambo la kuzingatia kuliko unene. Waya hutoka kichwani ukielekea nyuma kwa milimita kumi hivi, kisha ncha yake hukunjwa kurudi mbele kuelekea kichwa, ikiacha pembe kali kati yake na shina, mfano wa mwiba wa mshale. Mpira unapovikwa hupanda juu ya mkunjo bila taabu. Unapovutwa nyuma, ncha huuchoma na kuushikilia. Mwanzoni nilisimamisha ncha wima nikidhani itashika zaidi, lakini ilichana mpira kuanzia ndani na kutoa ufa wa urefu mzima. Sasa naiacha imelala, imeinuka kama theluthi moja tu ya pembe mraba, na ninaweka ncha mbili, moja juu ya shina na nyingine chini yake.

Nilitaka kuhakikisha kwamba sijidanganyi, kwa hiyo nilizining'iniza jigi mbili ukutani na kufunga chupa ya plastiki kwenye mkia wa kila mpira, kisha nikaongeza maji. Ile yenye mwiba wa risasi uliokwisha kutumika iliachia kabla chupa ya nusu lita haijajaa. Ile ya waya ilikaa na nusu lita usiku kucha. Nilipobadilisha na chupa ya lita moja, mpira wenyewe ulikatika nyuma ya kishikizo, na kipande cha mbele kikabaki palepale. Ziwani matokeo yamekuwa hayohayo: siku ya kawaida ilinigharimu mikia minane au tisa, sasa narudi nimetumia miwili, mara nyingine mmoja.

Kuhusu kumimina, nitasema yale tu ambayo karatasi ya maelekezo iliyapita haraka. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na sigiri ya makaa iliyopulizwa vizuri hufika hapo bila shida. Sigiri hiyo na sufuria yake kuukuu visirudi jikoni kamwe, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mimi huifanya kazi hii nje, nikiwa nimeupa upepo ubavu ili moshi usinijie usoni, na sili wala sishiki simu kabla ya kunawa. Kalibu baridi hutoa vichwa vyenye mapengo, hivyo vile vitatu au vinne vya kwanza huvirudisha sufuriani. Nikipitisha mshumaa kwenye vishimo hadi vishike masizi, risasi hutiririka vizuri zaidi na kuingia hadi kwenye waya.

Adui mkubwa ni maji. Siku moja ya mwezi wa Aprili, tone la mvua lililoning'inia kwenye kipini liliangukia kishimo nilichokuwa nikikimiminia. Likageuka mvuke papo hapo na kurusha risasi hadi kwenye mkono wa shati langu. Nilikuwa nimevaa miwani. Tangu siku hiyo, mawingu yakionekana upande wa ziwa, nazima moto.

Risasi yenyewe nainunua kwa watu wa nyavu. Uzito wa kusawazisha magurudumu ya magari huwa mgumu kwa sababu ya antimoni, metali nyingine iliyochanganywa humo, na haujazi vizuri sehemu nyembamba, na mwingine siku hizi ni wa zinki, ambayo huharibu sufuria nzima ya risasi. Ya betri kuukuu siigusi kabisa.

Je, ningeinunua tena? Ningeinunua, kwa kuwa vishimo vya gramu 21 na 28 vikishachongwa mfereji hutoa jigi bora kuliko yoyote niliyopata dukani, na gharama ya kila moja ni ndogo kuliko soda. Kwa asiyependa kushika tupa siipendekezi, maana jinsi inavyotoka kwenye boksi haitimizi ahadi iliyoandikwa juu yake. Kishimo cha gramu 14 nimekiacha: shingo yake ni nyembamba mno kubeba ndoana na ncha mbili za waya, risasi hupasuka pembeni, na kwa uzito huo bado nanunua za dukani na kuzibana kwa supaglu.