Wanga wa viazi wa Bob's Red Mill kwa mgonjwa aliyepandikizwa uloto

Wanga huu wa viazi, wa kampuni ya Kimarekani Bob's Red Mill, ni unga mweupe, laini mno. Ukiuminya kati ya vidole unatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Huuzwa kwa wapishi wa keki na mchuzi. Tunaupitia hapa kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliutumia kwa wagonjwa 10 waliopandikizwa seli shina za mtu mwingine (seli za uloto, yaani uboho wa mifupa, zinazotengeneza damu), na matokeo yakachapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Medicine. Wanane kati ya hao 10 waliweza kunywa angalau asilimia 70 ya dozi zao, na butireti kinyesini ikapanda.

Butireti ni asidi inayotengenezwa na bakteria wa utumbo wanapokula wanga wa namna hii, na ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Kwa aliyepandikizwa uloto, ukuta huo ni suala la uhai. Dawa kali za kuandaa mwili huuchubua, kisha kinga ya mchangiaji ikiugeukia mwili wa mgonjwa, hali ambayo madaktari huiita GVHD, utumbo huwa miongoni mwa viungo vinavyoumia zaidi, pamoja na ngozi na ini. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyochunguza sampuli za kinyesi 8,767 za wagonjwa 1,362 kutoka New York, Durham, Regensburg na Sapporo. Katika miji hiyo yote, aina za bakteria zilipungua baada ya upandikizaji, na waliobakiwa na aina nyingi walikufa kwa uchache kuliko waliobaki na chache. Hiyo haithibitishi kwamba kuwalisha bakteria kunaokoa maisha, lakini inatosha kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Sasa matumizi. Dozi ya Michigan ilifikia gramu 20 mara mbili kwa siku, na wanga ulinywewa kuanzia siku ya 7 kabla ya kupandikizwa hadi siku ya 100 baada yake. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa maana kijiko cha mmoja hujaa kuliko cha mwingine. Tia kwenye glasi ya maji baridi au juisi baridi, koroga, kunywa papo hapo. Wanga hauyeyuki, ukiiacha glasi dakika mbili tu, wote umeshatuama chini na kushikamana. Ongeza maji kidogo, koroga tena, malizia.

Usiupike. Hapa ndipo wengi wangeharibu. Chembe za wanga mbichi zimefungamana kiasi kwamba vimeng'enya vya utumbo mwembamba havizimalizi. Zinafika utumbo mpana, bakteria kama Ruminococcus bromii wanazivunja, na wenzao wanatengeneza butireti. Kuanzia nyuzi joto 60 hivi chembe hizo zinavimba na kupasuka, na anachokunywa mgonjwa ni wanga wa kawaida unaogeuka sukari. Kwa hiyo si wa kutia kwenye uji wa moto, supu wala chai. Wala usinunue unga wa viazi ukidhani ni kitu kilekile. Huo husagwa kutokana na viazi vilivyopikwa na kukaushwa. Wanga wa mahindi nao si mbadala: utafiti mwingine wa Michigan, wa 2019, uliwapa vijana wenye afya wanga sugu (usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba) wa viazi au wa mahindi, na ni wa viazi uliopandisha butireti.

Kasoro zipo. Tumbo hujaa gesi, hasa siku za mwanzo. Wiki ambayo mdomo una vidonda na kichefuchefu kimezidi, gramu 20 za kitu kinachoacha utando kooni ni mtihani mkubwa, na kumlazimisha mgonjwa hakufai. Wanga huu haujasafishwa vijidudu vyote, hivyo kwa mtu ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka karibu na sifuri, timu ya upandikizaji ndiyo iamue kama utaingia wodini. Mfuko ukifunguliwa ufungwe vizuri na uchotwe kwa kijiko kikavu na safi. Tena, bakteria wenyewe wakiwa wameshafyekwa na antibayotiki, wanga hauna wa kumlisha, na butireti inaweza isipande kabisa.

Ukiulinganisha na vidonge vya probayotiki (bakteria hai wa kumeza), tunauweka mbele bila kusita. Jaribio moja la Lactobacillus rhamnosus GG baada ya upandikizaji halikubadilisha bakteria wala GVHD, na bakteria wa namna hiyo wameshawahi kukutwa kwenye damu ya wagonjwa wenye kinga dhaifu. Usimpe mgonjwa vidonge hivyo bila idhini ya daktari.

Tungekwepa pia kuukorogea kwenye maziwa. Utafiti wa 2019 katika jarida la Science ulionyesha kwamba Enterococcus, bakteria anayeendana na GVHD mbaya zaidi, hustawi kwa laktosi, sukari ya maziwa. Panya walioondolewa laktosi kwenye chakula walipata nafuu. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki, ukiacha jamii nyingi za wafugaji, hawaimeng'enyi vizuri. Maji yanatosha.

Kama kinga ya GVHD, hatuupi alama bado: wagonjwa 10 bila kundi la kulinganishwa lililogawanywa kwa bahati nasibu ni wachache mno. Kama kitu cha kujaribiwa ndani ya mpango wa hospitali, tunaupa 4 kati ya 5, kwa bei yake na kwa jinsi utaratibu wake unavyoeleweka. Na unawahusu waliopokea seli za mtu mwingine. Aliyerudishiwa seli zake mwenyewe, kama wagonjwa wengi wa saratani ya mailoma, hakabiliwi na GVHD hii. Anayetaka kuzungumza na timu yake aende na hesabu kamili: siku zote hizo 108, kwa gramu 40 kwa siku, hazizidi takriban kilo 4.3.