Jiwe, Bamba la Chuma au Kikaango cha Chapati: Kipi Kinafaa kwa Pizza ya Nyumbani?

Karibuni. Mezani leo kuna vitu vitatu: jiwe la kuokea pizza, bamba la chuma la milimita 6, na kikaango kizito cheusi, kile kile cha chapati. Vyote vina kazi moja, kuupa unga joto kali kutoka chini. Kabla hujatoa hela kwa chochote kati ya hivi, jiulize oveni yako inafika nyuzi ngapi. Ukishajua hilo, uamuzi umeshafanyika nusu.

Oveni nyingi za nyumbani, iwe ya chini ya jiko la gesi au ile ndogo ya umeme ya kuweka mezani, zinagota kwenye nyuzi 250. Tanuri ya kuni ya Napoli, Italia, inavuka 400, na pizza inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Donge likiguswa na moto wa namna ile, maji yake yanageuka mvuke papo hapo, hewa ya hamira inatanuka, na ukingo unaumuka kabla ngozi ya juu haijakauka. Kwenye trei nyembamba ya bati ndani ya oveni ya 250 mambo yanakwenda kinyume: ngozi inakauka kwanza, unga unashindwa kupanda, na wewe unaendelea kusubiri jibini ipate rangi. Dakika kumi na tano baadaye una biskuti kubwa yenye nyanya, na katikati bado pamelowa.

Tuanze na jiwe. Mazuri ya dukani ni ya kodierite, aina ya kauri ambayo ndiyo hutengenezewa rafu za tanuri za kuchomea vyungu, kwa sababu yakipata moto hayatanuki sana. Chukua lenye unene wa sentimita moja na nusu. Yale membamba ya milimita 8 yanaoka pizza ya kwanza vizuri, ya pili inatoka imepauka chini, kwa kuwa joto lililohifadhiwa limekwisha. Kwenye oveni ya 250 jiwe zuri linakupa pizza kwa dakika 8 hadi 10. Inaliwa, ina ukoko, lakini usitegemee yale madoa meusi ya ukingoni.

Sababu ni kwamba jiwe linatoa joto polepole. Na hiyo si kasoro! Sakafu za tanuri za Napoli hujengwa kwa matofali ya udongo wa Sorrento, yanayopendwa kwa ajili ya upole huo huo. Sakafu ikiwa na nyuzi 400 na zaidi, ukiweka chuma pale, chini ya pizza panakuwa mkaa kabla jibini haijayeyuka. Kwa hiyo jiwe ni kifaa cha tanuri kali. Kama una ile oveni ya nje ya gesi inayopanda mpaka 400, ishia hapa, jiwe lake linakutosha.

Kinachoua mawe ni maji. Jiwe lina vitundu, linakunywa. Ukiliosha asubuhi na kuliwasha jioni, maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke, unasikia mlio, limekatika vipande viwili. Sabuni nayo inazama na kurudi kwenye mkate wako kama harufu. Likwangue tu likiwa kavu, madoa yaache. Na liingie kwenye oveni ikiwa baridi, lipande nayo pamoja.

Sasa bamba. Chuma kinapitisha joto zaidi ya mara kumi ya jiwe la kodierite. Ndiyo maana bamba lenye nyuzi 250 linafanya kazi ambayo jiwe lingehitaji nyuzi nyingi zaidi kuifanya. Muda unashuka mpaka dakika 6 au 7, na tukiigeuza hapa... tazameni chini yake: madoa ya kahawia iliyokolea, mengine karibu na weusi, na kati yake unga wa rangi ya dhahabu. Gongeni kwa kucha, mlio ni mkavu. Kwa oveni ya umeme yenye grili juu, hakuna kinachoshindana na hiki.

Na huhitaji kuliagiza nje. Nenda kwa fundi wa kuchomelea na vipimo vya oveni yako, mwambie akukatie pleti nyeusi ya milimita 6. Acha nafasi ya sentimita 3 kila upande ili hewa izunguke. Kipande cha sentimita 40 kwa 35 kina uzito wa kilo 6 na nusu hivi, kwa hiyo pima waya za rafu yako kabla. Kwa oveni ndogo ya mezani kata 28 kwa 28, ambayo haifiki kilo 4. Mwambie fundi apige tupa kingo zote na pembe, maana chuma kilichokatwa kinakata kama wembe. Lakini kile cha kung'aa kilichopakwa zinki, ndugu yake bati la paa, usikichukue hata ukipewa bure. Zinki haitakiwi kukaribiana na chakula kwenye moto.

Pleti mpya ina gamba la kijivu la kiwandani. Lilaze bamba kwenye siki usiku mzima, asubuhi sugua kwa steelwire, osha, kausha jikoni hapo hapo, ukichelewa nusu saa kutu imeshaingia. Halafu paka mafuta ya kula, kisha yafute yote kana kwamba ulikosea kuyapaka. Hapa wengi wanaharibu: wanaacha mafuta mengi, yanaganda kama gundi. Choma nyuzi 250 kwa saa moja, rudia mara tatu. Fungua madirisha, moshi upo.

Mahali pa kuliweka panategemea moto unatoka wapi. Oveni ya umeme yenye grili: rafu ya juu, ubaki upana wa mkono kati ya bamba na grili. Washa mpaka mwisho kwa dakika 45 hadi saa moja. Taa ya oveni ikizima baada ya dakika 15 inakwambia habari za hewa, chuma bado. Dakika 5 kabla ya kuingiza pizza, hamia kwenye grili. Kwa oveni ya wati 2,000 saa nzima haizidi yuniti 2 za umeme, lakini hizo yuniti zichomee pizza tatu, moja haina faida.

Oveni ya gesi ni mtihani mwingine. Nyingi zina moto wa chini tu, au grili isiyokubali kuwaka pamoja na moto wa chini. Bamba likikaa rafu ya chini, linapigwa na moto moja kwa moja na chini ya pizza kunaungua huku juu bado kweupe. Lipandishe katikati, na ukiona chini kumeiva, hamisha pizza chini ya grili kwa dakika moja au mbili. Kama grili haifanyi kazi kabisa, bamba litakuudhi. Chukua kikaango.

Kikaango kizito cha chapati, kile kisicho na mshikio wa mbao wala plastiki, kwa maoni yetu ndicho cha kuanzia kwa watu tisa kati ya kumi. Kwanza unacho. Pili, hakuna kurusha pizza kwenye moto, na huko ndiko machozi ya wanaoanza yaliko. Paka mafuta vijiko viwili vya chakula kwenye kikaango cha sentimita 25, weka donge la gramu 250, libonyeze kwa vidole mpaka lifike kingo. Likikataa na kujirudisha, usishindane nalo. Liache dakika 15, litalegea lenyewe. Subiri liumuke dakika 45. Rojo, kisha jibini hadi kwenye ukuta wa kikaango. Anza juu ya jiko, moto wa wastani, dakika 3 mpaka usikie linachirizika, ndipo uingize kwenye oveni dakika 12 hadi 14. Jibini ya pembeni inakaangika na kuwa ukoko mweusi mtamu, ule uliowapa sifa watu wa Detroit, Marekani, ambako pizza za mstatili zilianza kuokwa miaka ya 1940 kwenye trei za chuma za viwanda vya magari. Ukitaka ya duara nyembamba, geuza kikaango kifudifudi ndani ya oveni, kiache kipate moto saa nzima, mgongo wake ndio bamba lako. Kikaango chenye ngozi nyeusi isiyoshika chakula (non-stick) hakitakiwi kwenye zoezi hili, moto huu unaiharibu ile ngozi.

Kifaa chochote hakiokoi donge baya, kwa hiyo vipimo. Geuza pakiti ya unga, soma protini: gramu 11 au 12 kwa kila 100 ndiyo unayotafuta. Unga wa keki una kidogo mno, utachanika mikononi. Gramu 500 za unga, maji gramu 310, chumvi gramu 10, mafuta gramu 10, hamira ya papo hapo gramu 2. Rudia kusikia: gramu 2. Pakiti ndogo ya hamira ina gramu 11, na mtu akiimwaga yote kwenye joto la Dar au Mombasa, donge linafura ndani ya nusu saa, linanuka pombe, na likiingia kwenye moto halina nguvu ya kupanda tena. Mizani ikikosekana, ni theluthi mbili za kijiko cha chai. Maji yawe ya friji.

Kanda dakika 8 hadi 10, gawanya madonge matatu ya gramu 275 hivi, paka mafuta, funika, friji saa 24 hadi 48. Baridi inaipunguza hamira kasi, ladha inapata muda, na unga unafunguka bila kugombana. Lakini rangi nayo inatoka huko: wanga unavunjika kuwa sukari, na sukari ndiyo inayobadilika kuwa kahawia kwenye oveni dhaifu. Donge la saa moja linatoka limepauka hata kwenye bamba. Toa kwenye friji dakika 40 kabla. Huko Arusha au Nairobi lipe saa nzima na zaidi.

Sasa angalieni mikono. Kifimbo cha kusukumia chapati kiacheni kabatini, kinakamua hewa yote. Bonyeza kutoka katikati kwenda nje, acha sentimita mbili za ukingo bila kuzigusa. Liinue, liweke juu ya ngumi mbili, lizungushe, uzito wake lenyewe unalivuta. Ukiona mwanga unapita katikati, simama hapo. Sentimita 28 zinatosha.

Kibao cha kuingizia pizza kwenye oveni kinyunyizie unga wa mchele, huo huo wa nyumbani. Haunyonyi maji haraka kama ngano, kwa hiyo pizza inateleza, na hauungui upesi. Tikisa kibao baada ya kila unachoongeza. Ikigoma kusogea, nyanyua ukingo, puliza kidogo chini, ongeza unga. Usiipambe halafu ukaenda kujibu simu. Dakika mbili zinatosha kuigandisha.

Juu, uwe mchoyo. Nyanya mbivu zikwaruze, ziache kwenye chujio dakika 20 maji yatoke, tia chumvi, usipike. Vijiko vinne vya chakula kwa pizza moja. Jibini ya mozarela kavu gramu 90, kwaruza mwenyewe, maana ile iliyokwaruzwa kiwandani imechanganywa wanga isishikane na inayeyuka kwa shida. Vitunguu, hoho na uyoga ni maji yaliyovaa nguo, vikaushe kwanza kwenye kikaango. Nyama ya kusaga iwe imeiva tayari.

Wasio na oveni, mbinu mnayo tangu kwa bibi: kupalia. Sufuria nzito, donge kwenye trei ndogo ndani yake, mkaa theluthi moja chini na theluthi mbili juu ya mfuniko. Mtu anayejua kupalia mkate wa kumimina atapata pizza ya kikaango isiyo na aibu, dakika 15 hadi 20. Ile pizza ya Forodhani, Zanzibar, ni ukoo mwingine, unga mwembamba unaokunjiwa nyama na yai na kukaangwa, hatuipimi hapa.

Na kwa fokacha, ule mkate bapa wa Kiitaliano, vifaa vyote vya leo havihitajiki. Trei ya kawaida ya sentimita 23 kwa 33, unga gramu 500, maji 400, chumvi 10, hamira 3, mafuta ya zeituni vijiko vitatu vya chakula chini ya trei. Haikandwi, inakunjwa mara nne kila baada ya nusu saa, mikono ikiwa imelowa. Toboa kwa vidole hadi uguse trei, oka nyuzi 230 dakika 22 hadi 25. Ikiwa chini ni nyeupe, trei ilikaa juu mno.

Tukirudi kwenye bamba: likimaliza kazi, liache humo humo. Saa moja baada ya kuzima bado linaunguza, na kitambaa chenye unyevu kinapitisha mvuke mpaka kwenye viganja. Kesho yake likwangue kwa kisu cha keki, lifute kwa tone la mafuta. Kama mko karibu na bahari, lifunikeni kwa gazeti kavu, hewa ya chumvi haichukui wiki kulitia kutu. Likishaingia kutu, sugua, paka, choma tena saa moja, linarudi kama lilivyokuwa. Jiwe likipasuka halirudi.