Hadithi za African Storybook kwa watoto watatu wa umri tofauti: tathmini kutoka Pasiansi

Nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, wapo watoto watatu wanaotaka kusomewa kwa wakati mmoja: mkubwa ana miaka saba na yuko darasa la kwanza, wa kati ana miaka minne, na mdogo ametimiza miwili hivi karibuni. Kitabu kinachomfurahisha mmoja kwa kawaida humchosha mwenzake, na kwa sababu hiyo nimetumia wiki sita kujaribu hadithi za picha za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi hizo, zikiwemo nyingi za Kiswahili, ni za bure. Unaweza kuzisoma kwenye simu, kuzipakua, kuzichapa, na hata kuzitafsiri au kuzirekebisha, mradi uwataje waliozitunga na kuzichora.

Hadithi zimepangwa katika ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza na sentensi za kwanza, kupitia aya fupi na aya ndefu, hadi hadithi za kusomewa kwa sauti. Nilianza na ngazi ya tano, nikiamini kwamba kinachosomwa kwa sauti kitawafaa wote, na nikakosea: kufikia ukurasa wa tatu mdogo alikwisha kwenda kupiga sufuria jikoni, na wa kati alikuwa anavuta karatasi ili aone picha inayofuata. Nilichelewa kuelewa kwamba ngazi hizo hueleza zaidi wingi wa maandishi. Kwa kundi lenye umri mchanganyiko, ngazi ya pili, yenye sentensi moja au mbili chini ya picha kubwa, ndiyo iliyotuweka sote mkekani hadi mwisho.

Sababu yake ni kwamba maandishi yakiwa machache, picha hubaki na nafasi ya kila mmoja kuifanyia kazi yake. Mkubwa, ambaye shuleni yuko katikati ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), hufuata maneno kwa kidole na kusoma sentensi mwenyewe, huku akijivuna kidogo. Mdogo hutaja anachokitambua: kuku, maji, mama. Wa kati ndiye mgumu, kwa kuwa hataki kutaja wala hawezi kusoma, anataka kubisha. Katika hadithi moja palikuwa na samaki aliyechorwa bila alama yoyote ya pekee, na mkubwa aliposoma neno "samaki" kama lilivyoandikwa, wa kati alikataa katakata, akasema huyo ni sangara kwa sababu ya ule mdomo, wala si sato. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko hadithi yenyewe, na bibi yao, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni, akaingilia kati kwa Kisukuma, akaanza kuisimulia picha ile upya kwa namna yake. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wadogo ambao wazazi wao walifundishwa kuuliza maswali ya wazi wakati wa kusoma walipiga hatua zaidi katika lugha kuliko wale waliosomewa kwa mazoea tu; kwetu maswali hayo yalikuja yenyewe, ilimradi msomaji asiwe na haraka ya kufungua ukurasa.

Kuhusu lugha, mradi huu ulijaribiwa kwanza Kenya, Uganda na Afrika Kusini, hivyo Mtanzania asishangae akikutana na matatu mahali ambapo angetarajia daladala. Mimi hubadilisha neno papo hapo.

Simu sikuipenda kwa kazi hii. Kioo ni kidogo kwa vichwa vitatu, na kidole cha mtoto wa miaka miwili hurusha kurasa kabla sentensi haijakwisha. Nilichapa hadithi nne kwa rangi katika steshenari moja mjini, kwa shilingi 500 kila ukurasa, bei ambayo si ndogo ukiizidisha kwa kurasa kumi na mbili. Isitoshe, walipanga kurasa mbili kinyume na kubana kwa pini ambazo ncha zake zilibaki wazi. Nilizing'oa zote na kushona mgongo kwa uzi wa kushonea nyavu, na vitabu hivyo vimestahimili mikono ya mdogo kuliko nilivyotarajia.

Kwa mwenye mtoto mmoja anayeanza kusoma, huduma hii inatosha hata bila kuchapa chochote. Kwa nyumba kama yetu, napendekeza uchape hadithi mbili za ngazi ya pili kabla ya kugusa nyingine, na kila moja iwe na nakala mbili. Ya kwanza hukaa mkekani. Ya pili naiweka juu ya kabati, kwa ajili ya mkubwa, akitaka kusoma peke yake wenzake wakiwa wamelala.