Akihabara, mahali akiba inapoishia

Niseme mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma hadi chini: matembezi haya ya kuongozwa Akihabara, mtaa wa maduka ya umeme na katuni jijini Tokyo, nayapa nyota nne kati ya tano. Ile moja imeliwa na mkahawa wa wasichana waliovaa kama watumishi wa ndani. Nitafika huko.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, Kariakoo. Katuni za Kijapani nazijua kwa migongo ya fulana za wanangu, basi. Mdogo wangu wa kike anasoma Chuo Kikuu cha Tsukuba, na nilipokwenda kumtembelea akanilipia matembezi ya Akihabara kama zawadi, yeye akabaki na mtihani wake. "Kaka, we nenda tu, utanishukuru." Treni ya Tsukuba Express inakutoa kule mpaka Akihabara kwa dakika 45, na Akihabara ndio mwisho wa reli, kwa hiyo huna pa kupotelea. Nikapotea. Treni ile inasimama chini kabisa ya ardhi, ngazi za umeme juu ya ngazi za umeme, nami nikaibukia upande wa lile duka kubwa la Yodobashi, wakati wenzangu wananisubiri upande wa pili, mlango unaoitwa wa Denki-gai, yaani Mji wa Umeme. Ukienda, tafuta jina hilo kwenye vibao kabla hujapanda ngazi yoyote.

Wenyeji hawahangaiki na jina zima. Wanasema Akiba. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, kiongozi akaniuliza kulikoni. Nikamwambia kwetu akiba ni pesa unayojiwekea. Akatazama yale maduka, akatazama vijana wa Kijerumani tuliokuwa nao, wenye mabegi matupu mgongoni, akaitoa kalamu akaliandika neno kwenye kidaftari chake. Kisha akatupa asili ya jina: mwaka 1869 moto uliteketeza eneo hili, pakajengwa hekalu dogo la kuomba kinga ya moto, na watu wakalihusisha na Akiba, mungu wao wa kuzuia moto. Kiwanja kikaitwa kiwanja cha Akiba. Hekalu lilihamishwa zamani, jina likabaki.

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, raba miguuni, kibendera chenye picha ya paka mkononi. Tulikuwa saba: mume na mke kutoka Kanada, Wajerumani watatu, binti mmoja wa Brazili, na mimi. Bei yeni 6,500 kwa kichwa, saa mbili na nusu, kwa Kiingereza. Kwa hesabu ya siku ile ni zaidi ya laki moja ya shilingi zetu. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nina la kulalamika. Ila jueni kwamba tangu 2018 Japani mtu anaruhusiwa kuongoza wageni kwa malipo bila leseni ya serikali, kwa hiyo ubora wa matembezi ni ubora wa mtu uliyepangiwa. Mimi nilipangiwa mtu.

Kituo cha kwanza wenzangu walikipita kwa kupiga picha mbili tatu. Mimi ndipo nilipokwama. Chini kabisa ya reli ya Sobu, treni zinapita juu ya kichwa chako, kuna uchochoro unaitwa Radio Center. Watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Pande zote mbili vibanda, kila kimoja kidogo kuliko changu, na changu mke wangu hukiita kabati. Mmoja anauza swichi tu, mwingine waya tu, mwingine transfoma, mwingine valvu za redio za zamani zikiwa ndani ya maboksi yake ya karatasi. Resista zimepangwa kwenye vidroo kwa thamani yake, kila kidroo kimebandikwa resista moja kwa mbele ili uione michirizi yake ya rangi, ambayo ndiyo inayotaja thamani. Katikati ya kila kibanda kuna mzee amekaa kama kiini cha embe, anaweza kufikia bidhaa zote bila kunyanyuka.

Nilimuuliza kiongozi vibanda hivi vilifikaje chini ya reli. Hapo akasimulia. Baada ya vita, eneo hili lilijaa wauza vipuri wa barabarani. Jirani palikuwa na chuo cha ufundi wa umeme, wanafunzi wakawa wanaunganisha redio na kuziuza. Mwaka 1949 majeshi ya kigeni yaliyoikalia Japani yakatoa amri ya kuwaondoa wauza barabarani. Wenyewe wakaungana, wakazungumza na wakubwa, wakapewa nafasi chini ya reli.

Nikasema, "Mama, hao ni wamachinga." Nikamweleza sisi tuliwaona wenzetu wakiondolewa barabarani mwaka 2021, na kwamba tuna jengo zima pale Karume linaitwa Machinga Complex. Akataka kujua kama hilo nalo liko karibu na stesheni. Swali la mtu anayejua biashara.

Tangu hapo akawa ananiita Fundi-san, kama kusema Bwana Fundi.

Mzee mmoja muuza vipuri alimuuliza kiongozi mimi ni nani, mbona nimekiinamia kidroo chake muda wote huo. Nikamwambia kupitia kwa kiongozi kwamba Wajapani wananilipia karo za watoto. Magari yote haya ya mtumba yanayokuja Dar es Salaam yana redio za kwao, masafa ya FM yanaanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Mtu ananunua gari zuri, anawasha redio, anapata mikwaruzo. Ananijia, namfungia kile kijisanduku tunachokiita ekspanda. Mzee alicheka hadi akavua miwani. Akaniinamia kichwa, kama vile anaomba radhi kwa niaba ya taifa.

Sasa hayo mengine. Ukitoka pale ndipo unakutana na Akihabara ya kwenye picha: majengo yamevaa mabango ya mabinti wa katuni kutoka paa hadi chini, muziki unatoka kila mlango. Jengo la Radio Kaikan, maana yake jumba la redio, lililopo sasa ni la 2014, na redio humo ndani utaitafuta kwa tochi. Ni sanamu za katuni, kadi za kuchezea, na tena sanamu. Kilichonishika ni duka lenye visanduku vya kioo kuanzia sakafuni hadi darini, ambapo kila kisanduku kimepangishwa na mtu wake. Raia yeyote analipa kodi ya mwezi, anapanga vitu vyake, anaweka bei, anakwenda zake kazini, duka linamuuzia. Ni fremu, ila fremu ya sentimita arobaini. Kisanduku kimoja kilikuwa na simu za mkononi za kizamani za kukunja, sita, zimesafishwa kama vijiko vya harusi.

Mandarake ni jengo jeusi la ghorofa nane, limefunguliwa 2008, na kwa lugha ya nyumbani ni mitumba tupu. Lakini mitumba yenye adabu! Kila sanamu imefungwa nailoni, na karatasi juu yake inakiri makosa yote: boksi limebonyea pembeni, kidole kidogo kimekwaruzika, kipande fulani hakipo. Kiongozi alitusomea tatu nne. Nimewahi kununua jokofu zima Kariakoo kwa maelezo machache kuliko yale. Kijana wangu alikuwa amenipa picha ya sanamu anayoitaka. Niliiona ghorofani, bei zaidi ya yeni 9,000, na hapo kosa langu mwenyewe likanisuta. Mgeni akinunua kuanzia yeni 5,000 kwenye duka lenye kibali huondolewa kodi ya asilimia 10, ila lazima aonyeshe pasipoti. Yangu ilikuwa Tsukuba, chini ya mto. Ni vibaya pia kutembea bila pasipoti nchini kwa watu. Kiongozi alinikazia macho kidogo. Ninyi msirudie.

Udhaifu wa kwanza wa matembezi uko hapa: dakika kumi na tano kwa jengo la ghorofa nane ni mzaha. Wale Wajerumani walikuwa karibu kulia. Chukulia matembezi kama kuonyeshwa milango, kisha rudi siku nyingine na pesa yako.

Duka la michezo ya zamani, Super Potato, ningelipita mara mia nisilione. Ni mlango mwembamba na ngazi zinazokwenda ghorofa ya tatu. Juu kuna ukuta mzima wa kanda za Famicom, ile mashine ya Nintendo iliyotoka 1983 kwa yeni 14,800. Waliokua miaka ya tisini Dar wataikumbuka bila kulijua jina. Ile gemu ya kuchomeka kwenye TV, kanda ya njano yenye michezo "milioni", ambayo ukiihesabu unakuta minne inajirudia: zile zilikuwa nakala za mashine hii, kanda zake zina meno 60 yale yale. Nimezifungua kwa mamia, nimesafisha meno yake kwa kifutio cha penseli. Ya asili sikuwahi kuigusa. Niliishika mikononi, nyeupe na nyekundu ya damu ya mzee, nikaigeuza, nikaona pedi zake za kuchezea hazichomolewi, waya umeingia moja kwa moja kwa nyuma. Na pedi ya pili ina maikrofoni! Miaka yote nimetengeneza nakala zisizo nayo, sikujua kuna kilichoachwa.

Sikuinunua. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230, na picha yake ni ya NTSC, mfumo wa televisheni za kwao. Uwezo wa kuimudu ninao, ila nilijua nikifika nayo nyumbani nitaacha kazi za wateja. Nanyi mnaotamani blenda na pasi za kule, muwe na transfoma ya kushushia, la sivyo mtaniletea.

Haya, mkahawa. Tangazo lilisema matembezi yanajumuisha "kituo katika meidi kafe". Mikahawa hii ilianzia hapa hapa Akihabara mwaka 2001, wasichana wamevaa gauni jeusi na aproni nyeupe, wanakupokea kwa maneno ya kumkaribisha bwana wa nyumba anaporudi. Kumbe kilichojumuishwa ni kiti. Kinywaji lazima uagize, na cha rahisi kabisa kilikuwa soda ya bei ya sahani ya wali samaki. Picha huruhusiwi kupiga kwa simu yako. Ukitaka, unalipia wanapiga wao. Hakuna aliyetudanganya waziwazi, lakini neno moja kwenye tangazo lingetosha. Binti wa Brazili aliagiza wali uliofunikwa kwa mayai, wakamchorea sungura kwa tomato sosi, kisha sote tukatakiwa kutengeneza kopa kwa vidole na kuimba ili chakula kiwe kitamu. Nina mvi. Nilitengeneza kopa. Ushahidi anao yule Mkanada, naye nimemwomba kwa heshima zote. Dakika arobaini tulizokaa pale zingenitosha kumaliza vidroo vya resista.

Ilikuwa Jumapili, siku ambayo mchana barabara kuu ya Chuo-dori hufungwa kwa magari, watu wakatembea katikati. Kiongozi alishusha sauti akatuambia kuhusu Juni 2008, mtu alipowavamia watu pale njia panda kwa lori na kisu, saba wakafa, na barabara ikarudi kwa magari hadi Januari 2011. Hakurefusha. Alisimama kidogo, kibendera amekishusha, tukavuka.

Tulimalizia kwenye hekalu la Kanda Myojin, mwendo mfupi wa kupanda kutoka madukani, ambalo wanasema lilianzishwa mwaka 730. Pale wanauza hirizi ya kukinga kompyuta na simu zisiharibike, imechorwa mistari ya saketi. Kiongozi alininong'oneza, "Fundi-san, hii ni mbaya kwa biashara yako." Niliirudisha mezani upesi.

Bahashishi hakutaka, na si kwamba alikataa kwa kujivunga. Japani hawana desturi hiyo. Nikampa kanga niliyokuwa nimemchukulia mdogo wangu. Mdogo wangu bado hajui, na akisoma hapa ajue.

Nani aende? Ukiwa shabiki wa katuni kweli kweli, kama wale Wajerumani, utakuwa unamrekebisha kiongozi na kulilia muda, tembea mwenyewe. Ukiwa mgeni kabisa kama mimi, lipa. Duka nyingi za maana ziko juu ya ngazi ambazo peke yako utaziogopa. Ila wenye magoti mabovu mfikirie mara mbili, kupanda na kushuka hakuishi, na mapipa ya taka barabarani karibu hakuna, utabeba chupa yako tupu mpaka nyumbani.

Jumanne nilirudi peke yangu. Mlango nikaupata mara ya kwanza. Baba yangu ana redio ya National ya mbao, kutoka enzi zile betri za National zikitengenezwa Dar es Salaam, na kondensa yake ya kutafutia stesheni ilikufa zamani. Nimeitafuta Kariakoo hadi nimeacha. Nilimwonyesha yule mzee picha kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaguna, akafungua kidroo cha chini kushoto bila kukitazama, akatoa moja, akaizungusha mhimili wake sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Akanipa nami niisikilize. Haikuwa na mkwaruzo. Akaandika 380 kwenye kipande cha karatasi, nikamhesabia sarafu, akaiweka kwenye kibahasha na kukunja mdomo wake mara mbili.

Nimeifunga juzi. Mshale unatembea.